Mtu Aliyeheshimu Mapipa

Kibao kilikuwa kizuri. Nianze na hilo, mtu asije akasema nimeandika kwa chuki. Patro alikilipia mwenyewe kwa fundi wa rangi wa hapa Rumonge: ubao mweupe, maandishi mekundu, Kifaransa juu, Kirundi katikati, Kiswahili chini, na sigara imechorwa ikiwa imekatwa na mstari. Fundi alichora hata moshi. Kilipigiliwa ukutani ndani ya chumba cha kufungia sabuni, na chini yake hasa ndipo ilipokuwa meza ya patro. Mgeni akiingia alikiona kibao, halafu akishusha macho kidogo anamwona patro na sigara mdomoni, kama vile mchoro umeshuka ukutani ukakaa kwenye kiti.

Nilimfanyia kazi miaka tisa. Jina lake silitaji. Watu wa hapa watamjua tu, na wasiomjua jina halitawasaidia. Sote tulimwita patro, yaani tajiri wetu. Alikuwa na kiwanda kidogo cha sabuni: mawese yanashuka kutoka milimani, yanapikwa na soda kali, yanamwagwa kwenye forma, yanaganda, yanakatwa, yanakaushwa, yanafungwa kwenye karatasi na katoni, yanapakiwa. Mimi nilikuwa mkataji. Nakata sabuni kwa waya. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nina tabia ya kuandika kwenye kaye, daftari dogo la mistari, kila mchana wakati wa kula. Siandiki vizuri. Mara nyingi nikisoma nilichoandika jana naona nimemwonea mtu, nafuta. Juu ya patro nimefuta sana. Haya ni yale yaliyonishinda kufuta.

Alikuwa anakunywa sigara, kama tunavyosema huku, na kweli ilikuwa kama kunywa, maana hakuacha kati ya moja na nyingine nafasi ya kupumua. Ya pili aliiwashia kwenye kipisi cha ya kwanza. Majivu aliyatupa kwenye kopo la nyanya, na yaliyokosa kopo yalianguka popote. Siku moja mama wa sokoni alirudisha mche wa sabuni wenye majivu ndani yake, madoa meusi kama mbegu. Alikuja amekasirika, ameshika sabuni juu ili barabara nzima ione.

"Patro, hii ni nini?"

"Mama, wazee wetu walipika sabuni na nini?"

"Na majivu na mawese."

"Basi mimi nimekuongezea ya wazee, na sikukudai."

Yule mama alicheka, akachukua mche mwingine, akaenda. Na sisi tulicheka. Mimi pia nilicheka, siwezi kusema sikucheka. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na hilo lilimsaidia sana maishani, maana mtu akishacheka anaona aibu kulalamika.

Maneno yake nayajua kwa kichwa. Lile alilolipenda zaidi lilikuwa hili: "Moshi iko inapanda juu. Watu iko chini. Shida iko wapi?" Alilisema akiinua mkono taratibu kama mtu anayeachia ndege. Sasa, bati la chumba kile lilikuwa chini, hata mtu mrefu angeligusa. Moshi ulipanda kama alivyosema, ukagonga bati, ukageuka, ukarudi. Tuliutazama ukirudi. Yeye hakuangalia juu hata siku moja. La pili lilikuwa: "Sheria imezaliwa Bujumbura. Ikichoka njiani, mimi nifanye nini?" Na la tatu, fupi, lilimaliza mazungumzo yote: "Hapa ni kwangu."

Ile sheria haikuchoka njiani. Ilifika, imevaa miwani. Alikuwa inspekta wa kazi, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mkoba uliochakaa kona. Patro alimpokea vizuri, lazima niseme. Alimtolea kiti chake mwenyewe.

"Amahoro, madamu. Karibu sana. Fanta?"

"Amahoro. Hapana, murakoze. Hilo kopo ni la nini?"

"La nyanya."

"Naona majivu."

"Nyanya iliisha."

Inspekta hakucheka. Alituambia wote tusogee tusikie, akaeleza akiwa amesimama, bila hasira, kama mtu anayesoma bei. Mahali pa kazi palipofungwa hapavutwi sigara. Si mfanyakazi, si mteja, si mwenye mali. Na anayetakiwa kuhakikisha ni mwajiri: aweke kibao mahali panapoonekana, aondoe vyombo vya majivu, na mtu yeyote akiwasha amwambie azime ama atoke nje.

"Na kama huyo mutu ni mimi?" patro akauliza.

"Basi ujiambie."

Sisi tuliinamia sabuni ili tusionekane tunacheka.

Kesho yake patro alikuja na wazo. Madamu amesema mahali palipofungwa. Akamwamuru Mzee Issa, mpishi wetu wa sabuni, afungue bawaba za mlango. Mlango ukatolewa ukaegemezwa ukutani, na patro akawasha sigara, akanyoosha miguu. "Sasa iko wazi. Hapa ni kama soko." Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao tangu zamani, kwa sababu vumbi la barabara linashika kwenye sabuni mbichi, hayo hakuyagusa. Siku ya pili mbuzi wa jirani aliingia na kula karatasi za kufungia, karibu robo ya mzigo wa wiki. Mlango ukarudishwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mbuzi aliweza kilichomshinda inspekta, yaani kumfanya patro asikie hasara. Ndipo akaagiza kile kibao, na akaona wajibu wake umekwisha.

Sasa niandike juu ya mapipa, maana bila mapipa huyu mtu haeleweki.

Nyuma ya chumba cha kufungia kulikuwa na depo ya mawese. Mapipa yamepangwa mistari miwili, na njia katikati. Hapo, patro alikuwa mtu mwingine. Hatua kumi kabla ya mlango wa depo alizima sigara kwa kisigino, akaikanyaga mara mbili, akatoa pakiti na kiberiti mfukoni, akampa yeyote aliye karibu amshikie, halafu akaingia. Mara moja kibarua wa siku aliingia na sigara ambayo hata haijawashwa, ameiweka nyuma ya sikio. Patro alimtoa kwa kelele hadi barabarani.

"Unataka kunichoma? Unajua mapipa haya yamebeba nini? Yamebeba watoto wangu!"

Kwa miaka tisa sikuona moshi kwenye depo. Hakusahau hata siku ya homa, hata siku ya msiba. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hakujua, au kwamba hakuweza, au kwamba sigara ilimshinda nguvu. Mapipa yalikuwa na sheria, naye alikuwa askari wake. Watu walikuwa upande wa pili wa ukuta.

Yapo mazuri yake, na nitayaandika yote. Mshahara ulitoka siku yake. Ijumaa tuliswali bila kuulizwa dakika. Mama yake Mzee Issa alipofariki, patro alitoa sanda na kuja mazikoni, akashika jembe, akachafua suruali yake nzuri. Hakumpiga mtu. Na alijua mawese kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alichovya kidole, akanusa, akasema: "Haya machikichi yalilala siku tano kabla ya kupikwa," na muuzaji alianza kuona haya, maana ilikuwa kweli. Nilijiuliza mara nyingi pua kama ile, ambayo inasikia siku tano ndani ya tone la mafuta, inawezaje isisikie chumba kizima. Sijapata jibu. Labda ninamwonea hapa. Lakini nimejaribu kulifuta hili swali mara mbili na linarudi.

Dada Zaituni alikuja mwaka wangu wa tano. Alikuwa na watoto watatu, na mume aliyevua samaki upande wa Kabonga na kurudi nyumbani alipopenda. Mshahara wa Zaituni ndio uliokuwa unapika. Alianza nje, kwenye mapipa ya kupikia, anakoroga pamoja na Mzee Issa. Akaanza kukohoa kidogo. Sote tukasema ni mvuke wa soda. Mimi nikaenda kwa patro nikamwambia, mbele ya watu: "Patro, huyu dada soda inamsumbua. Umuhamishie ndani, akafunge sabuni."

Alikubali papo hapo. Akampa hata kiti chenye mgongo. Mchana ule niliandika kwenye kaye: *Leo nimemsaidia dada Zaituni.* Ukurasa bado upo. Nilikuwa nimemtoa hatua tatu kutoka kwenye soda, iliyopikwa nje kwenye upepo, nikampeleka hatua mbili kutoka kwenye meza ya patro, ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Kikohozi kilikua. Kifua chake kilianza kupiga filimbi, tukawa tunasikia anapoinama kuchukua katoni. Kila mtu alikuwa na maelezo. Ni vumbi la karatasi. Ni baridi ya ziwa. Ni jirani ana kijicho. Mzee Issa alisema soda huingia kwenye mifupa na kutoka baadaye, na kwa sababu Mzee Issa alikuwa pale kabla yetu sote, nilimwamini mwaka mzima. Tulikuwa tumekaa ndani ya moshi tukitafuta ni nini kinamkohoza. Sisi sote tulikuwa na macho.

Halafu ukaja mwezi wa Ramadhani. Patro alifunga. Hapo sina neno la kumtolea: alifunga kweli, hakudanganya. Siku ya kwanza aliweka pakiti juu ya kabati, na haikushuka saa za kazi mpaka mwezi ukaisha. Alikuwa na hasira hadi alasiri, lakini alifunga. Na wiki ya kwanza haijaisha, kifua cha dada Zaituni kilinyamaza. Filimbi ilikwisha. Alianza kuimba polepole akifunga sabuni, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwake.

"Kaka, unaona? Mfungo unasafisha mwili."

"Alhamdulillahi, dada."

"Ni baraka," alisema Mzee Issa kutoka mlangoni.

Nami nikaandika: *Ni baraka.*

Baada ya Idi tulifungua kazi. Patro alikuja na shati jipya, akatugawia biskuti, mpole kabisa. Saa tatu aliwasha. Saa nne dada Zaituni alikuwa nje ameegemea ukuta, mkono kifuani, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba ya ndoo nzito. Mchana nilifungua kaye ili niandike, nikarudi nyuma kidogo, kisha nikarudi nyuma sana, hadi Ramadhani ya mwaka uliopita. Kabla yake, kikohozi. Baada yake, kikohozi. Ndani yake, siku thelathini, sikuwa nimeandika kikohozi hata kimoja. Nilikaa pale na mkate mkononi. Habari hiyo nilikuwa nayo mwaka mzima, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na sikuwa nimeisoma.

Nilimfuata nje.

"Dada, si soda."

"Ni nini?"

Nilionyesha kwa kidevu upande wa meza ya patro. Aliangalia huko.

"Na ni wewe ulinipeleka mle ndani."

"Ni mimi."

"Basi," akasema. Angenitukana ningeshukuru.

Alikwenda kwa daktari, akarudi na karatasi: asifanye kazi penye moshi. Aliipeleka kwa patro mbele yetu sote. Patro aliisoma akiwa ameinyoosha mbali na macho, sigara akaihamishia mkono wa pili. Nimeandika hivyo kwenye kaye, kwamba aliihamishia mkono wa pili.

"Anasema usikae penye moshi. Sasa wewe unakaa penye moshi?"

"Ndiyo, patro."

"Wewe unakaa penye sabuni."

"Patro, Ramadhani nzima sikukohoa."

"Kwa sababu ulifunga."

"Kwa sababu ulifunga wewe."

Niliacha waya wangu katikati ya sabuni. Patro alimwangalia Zaituni, akaangalia karatasi, halafu uso wake ukafunguka, nikajua tumekwisha, kwa sababu alikuwa amepata la kuchekesha.

"Sasa daktari anataka mimi nifunge mwaka muzima? Hata Mungu ameomba mwezi moja tu!"

Wapakiaji wawili walicheka. Zaituni alichukua karatasi yake mezani akaikunja. Na patro, maana alitaka aonekane mwema hata hapo, akaongeza: "Nitakuweka nje, uoshe mapipa, kwa malipo ya siku. Nilikuhamisha mara moja, nakuhamisha mara ya pili. Patro gani mwingine anahamisha mutu mara mbili?" Kile kiwanda kilikuwa na vitu vingi vya kuhamishika. Kiti kilihama, mlango ulihama, Zaituni alihama. Kitu kilichokuwa na uzito wa gramu moja, kati ya vidole vyake, hicho ndicho hakikuwezekana kusogezwa.

Malipo ya siku yalikuwa chini ya nusu ya mshahara wake. Alikataa. Mchana ule ule, wakati tunakula, alikwenda kwa miguu hadi kwa inspekta.

Inspekta alikuja siku ya tatu. Lakini Rumonge ni mji wa watu kupeana habari, na patro alijua tangu asubuhi. Kopo la nyanya liliondoka. Yeye mwenyewe alikwenda kuvutia barabarani. Na ili kuondoa harufu ya miaka yote ile, alimtuma Mzee Issa alete chetezo kutoka nyumbani, kimejaa makaa, akarusha ubani. Akarusha tena. Akafunga mlango ili uingie vizuri kwenye kuta. Mtu mwenye akili zake, ameambiwa tatizo ni moshi, akafukiza.

Inspekta alifungua mlango akasimama pale pale.

"Amahoro. Kuna harusi?"

"Tunasafisha mahali, madamu. Ni mila yetu."

Dada Zaituni alikuwa ameinama juu ya katoni, mabega yanapanda na kushuka. Inspekta alimwangalia, akatoa karatasi, akatuuliza mmoja mmoja, patro akiwa amekaa hapo na mikono mitupu juu ya meza. Umemwona patro akivuta sigara humu ndani?

"Macho yangu ni ya kuangalia mapipa ya kupikia, madamu," akasema Mzee Issa.

Wapakiaji walisema hapana, na hapana.

Ikafika kwangu. Nililitafakari lile swali. Naweza kusema nililitafakari kuliko wote, na nikapata jibu ambalo halikuwa uongo. Nikasema: "Leo sijamwona."

Ilikuwa kweli. Asubuhi ile alivutia barabarani.

Zaituni aliniangalia, halafu akasema kwa pumzi iliyobaki: "Iko anakunywa kila siku, madamu. Leo ni ubani, kesho ni sigara." Inspekta aliandika. Mmoja upande huu, wanne upande ule. Akaondoka. Wiki iliyofuata patro alimwambia Zaituni apumzike nyumbani mpaka kifua kitulie, na hakusema kitatulia lini, wala hakumpa barua.

Mimi alinipa ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa vizuri, wa kutoka Gitaza, mfuko mzima. "Wewe ni mutu wa haki," akaniambia. Niliwapeleka nyumbani, tukawala. Walikuwa watamu.

Zaituni alikuja kwetu baada ya majuma mawili. Hakukaa. Mke wangu alimletea kiti, akakishika tu mgongo.

"Kaka, wewe si unaandika? Ile siku ya madamu uliandika nini?"

"Niliandika kwamba nilisema sijamwona leo."

"Na jana yake?"

"Jana yake alivuta tangu saa mbili. Imeandikwa."

"Basi peleka jana."

Nilimwambia nitafikiri. Aliniambia nifikiri, kwake watoto watakula nikimaliza. Kesho yake tulikwenda kwa inspekta wote wawili.

Inspekta alituita siku moja pamoja na patro. Tulikaa kwenye benchi la korido ya ofisi, patro upande huu, sisi upande ule. Mtu aliyeingia kabla yetu alichukua muda. Nikamwona patro mkono unakwenda mfukoni, unarudi, unakwenda, unarudi. Halafu alisimama, akatoka, akavuka mfereji hadi nje ya geti, akavuta huko juani, akarudi akakaa. Hakuna aliyemwambia. Pale koridoni hapakuwa hata na kibao. Miaka yote ile nilikuwa na shaka ndani yangu, kwamba labda mtu mwingine ni mtumwa wa kitu na sisi hatujui uzito wake. Ile shaka ilikufa kwenye benchi lile. Alijua vizuri kabisa kutoka nje. Alikuwa anatoka kwa ajili ya mapipa na kwa ajili ya watu wenye mihuri.

Ndani, patro aliongea wa kwanza. "Madamu, mimi sitaki maneno mengi. Muulize huyu. Huyu ni mutu wa haki, hata wewe ulimsikia."

Nikafungua kaye. Nilisoma vibaya, naruka mistari, narudi. Nilisoma siku za kikohozi. Nilisoma Ramadhani mbili ambazo hazina kitu. Nilisoma baada ya Idi, saa tatu, saa nne. Nilisoma pia sanda ya mama yake Mzee Issa, na mshahara unaotoka siku yake, na kiti chenye mgongo.

"Hayo hayakuulizwa," inspekta akasema.

"Yamo humu, madamu."

Patro alikuwa amegeuka na kiti kizima kunitazama.

"Miaka yote ulikuwa unaniandika?"

"Naandika kila mtu, patro."

"Na sabuni yangu ulikuwa unakata saa ngapi?"

Hata hapo alikuwa anachekesha. Inspekta alisubiri, halafu akamweleza tena yale ya mwanzo, na akaongeza kwamba kumtoa mtu kazini kwa sababu amelalamika ni kosa jingine, na litaandikwa peke yake. Zaituni arudi kazini, kwenye nafasi yake, chumba kikiwa hakina moshi. Patro alisikiliza kwa makini, na mwisho akauliza swali ambalo naamini lilitoka moyoni mwake, bila utani:

"Kwa hiyo mimi ndiyo nitoke? Kwangu? Mimi nitoke, yeye akae?"

"Wewe utoke, yeye akae. Ama ulipe faini, halafu utoke."

Alitia sahihi. Zaituni alirudi Jumatatu. Mimi pia nilirudi Jumatatu, nikakuta waya wangu mkononi mwa mtu mwingine. Hakuna aliyenifukuza, na sikuuliza. Sasa napimia mawese sokoni kwa mama mmoja, siyo mbali.

Nilimwona patro mara ya mwisho msimu huu wa mvua, mchana, nikitoka dukani. Alikuwa amesimama nje ya kiwanda chake, kwenye ukingo wa barabara, na kipande cha katoni juu ya kichwa. Shati lilikuwa limeshika mgongo.

"Eh, mwandishi!"

"Amahoro, patro."

"Andika basi. Andika patro analowa." Akatikisa kiberiti chake karibu na sikio. "Kimelowa. Wewe iko na moto?"

Nilikuwa na kiberiti cha jikoni nilichotoka kukinunua. Nikafikiri. Hapa ni nje, sheria haisemi kitu, na mtu mzima akiomba moto nje hana kosa. Nikampa. Aliharibu njiti tatu, ya nne ikashika.

Kutoka ndani tulisikia sauti ya Zaituni akibishana na Mzee Issa juu ya katoni zilizobanwa vibaya, halafu wakacheka wote wawili, halafu yeye akakohoa. Mara mbili, tatu. Daktari alishamwambia kwamba kifua kile hakitarudi chote, kitabaki hivyo, siku nzuri na siku mbaya.

Patro aliinua kidole.

"Unasikia? Anakohoa. Na mimi niko nje. Sasa unaona haikuwa mimi."

Hakuwa anatania. Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Maji yalikuwa yanapita kwenye mkunjo wa katoni na kuingia shingoni mwake, na ni mtu mzima, na ana baridi. Nilibaki pale makusudi, najaribu kumwonea huruma, kwa sababu niliona ni haki yake kupata kidogo. Nilisubiri hadi sigara ikafika nusu. Huruma haikuja. Nikachukua kiberiti changu, nikaenda.